Afande wa Meza ya Mwisho

Kwenye maonyesho ya ajira mimi hupewa meza ya mwisho. Sijui waandaaji hukutana lini wakakubaliana, lakini iwe ni chuo cha Jinja au cha Mbale, benki huwekwa langoni, kampuni za simu huwekwa karibu na spika, mashirika ya misaada hupewa kivuli, na mimi huelekezwa kule nyuma, jirani na jiko au vyoo, mahali ambapo mwanafunzi hufika kwa shida zake nyingine. Nimezoea. Nabeba kitambaa changu cha meza, picha kubwa ya lori letu, na kiti changu mwenyewe, maana viti vya huko mwisho huwa na miguu mitatu.

Kampuni ninayoiwakilisha ni ya malori. Yadi yetu iko nje kidogo ya mji wa Jinja, kando ya barabara kuu iendayo Kenya. Malori yanatoa mizigo bandarini Mombasa na kuileta hapa, na mengine yanakata kona Tororo kwenda Mbale, Soroti na kule juu hadi Sudan Kusini. Mimi ni mratibu wa safari. Cheo hicho kisikutishe, kazi yenyewe ni kukaa dirishani na simu na kuongea na madereva kutwa nzima: uko wapi, mbona umesimama, nani amekushika, tairi gani, mzigo umelowa au haujalowa. Madereva wetu karibu wote ni Wakenya. Ukimpigia dereva aliyekwama kwenye foleni ya mpakani ukamwagia Kiingereza cha chuo, atakujibu "Yes, madam" kisha afanye anavyotaka. Ukimsemesha Kiswahili atakwambia ukweli, au angalau atakudanganya kwa heshima.

Na hapo ndipo penye kazi. Huku kwetu mashariki mwa Uganda, Kiswahili kina jina baya. Wakenya wanakizungumza bila wasiwasi, Waislamu wa mjini pia, na sisi tuliozaliwa kwenye nyumba za askari. Wengine wengi wanakijua, tena wanakijua vizuri kuliko wanavyokubali, lakini kwao ni lugha ya mtu mwenye bunduki. Baba yangu alikuwa askari magereza kutoka kaskazini, na mimi nilikulia Jinja kwenye nyumba za askari, ambako watoto wa makabila yote tulicheza, tukatukanana na kupatana kwa Kiswahili. Shuleni nilichekwa kwa ajili yake. Nilipokuwa mkubwa kikanipa mkate, na tangu siku hiyo sijakubali mtu akidharau mbele yangu.

Mwaka huo kiti cha pili cha dirishani kilikuwa wazi. Mwenzangu, Mkenya, alikuwa amerudi kwao kuoa na hakurudi. Kabla yake alikuwapo Mkenya mwingine, na kabla ya huyo mwingine. Nilimwambia bosi kwamba safari hii nataka kumfundisha kijana wa huku. Bosi wangu ni mtu apendaye chai na asiyependa maelezo marefu. Alisema, "Haya, nenda kwenye hayo maonyesho yako. Niletee mtu wa huku anayeweza kuongea na dereva. Mwezi ukiisha bila mtu, namleta binamu yangu kutoka ng'ambo ya mpaka, na habari ya maonyesho tunaifunga kabisa."

Nilitoka ofisini kwake nimekasirika, na mimi nikikasirika huwa nafanya kazi vizuri.

Maonyesho ya kwanza yalikuwa Mpumudde, hapahapa Jinja, kwenye uwanja wa chuo kimoja. Nilifika na bodaboda, picha ya lori nimeikumbatia kifuani, nikiwa nimevaa sare ya yadi kama kanuni inavyotaka: shati la kaki lenye nembo ya kampuni begani, suruali ya kaki, na buti nyeusi zenye chuma kwenye vidole. Nikatandika kitambaa, nikasimama nyuma ya meza, nikaanza kuwakaribisha wanafunzi kwa Kiswahili. Kwa nini nisifanye hivyo? Ndiyo lugha ya kazi niliyokuja kuinadi.

Wa kwanza alikuwa kijana mrefu. Alinitazama begani, akanitazama miguuni, akabana visigino.

"Jambo, afande."

"Jambo. Unasomea nini?"

"Nasoma hesabu ya biashara, afande. Lakini mimi naweza kimbia. Kila asubuhi nakimbia mpaka kwa daraja na narudi."

"Sisi hatukimbii, kijana. Sisi tuna malori."

"Naelewa, afande. Lori nabeba sisi mpaka kambi?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshajipanga, tena imenyooka kuliko foleni ya benki. Mmoja aliuliza tunachukua watu wa urefu gani. Mwingine akavua viatu na kunionyesha nyayo zake, nione mwenyewe kwamba hazikulala bapa. Kijana mmoja mnene akafungua mdomo wote mbele yangu ili nimhesabie meno, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mwenye pengo hurudishwa nyumbani. Nilipopaza sauti kueleza kwamba hili si jeshi, si polisi wala magereza, kwamba natafuta mtu wa kukaa kwenye kiti na kuongea na simu, foleni ilivunjika mara moja. Walioondoka waliondoka na kinyongo, kana kwamba mimi ndiye niliyewaambia wavue viatu.

Ila walioniuma hawakuwa hao. Walioniuma ni wale waliopita kwa mbali. Msichana mmoja aliyependeza kweli, mwenye faili lake kwapani, aliisoma picha ya lori, akasikia ninavyoongea, akamvuta mwenzake mkono. Alimwambia kwa Luganda, bila kunong'ona, kwamba lugha ile ni ya wezi na askari. Nilimjibu kwa Luganda hiyohiyo kwamba ni lugha ya chakula changu pia, na kama ana njaa aje. Hakuja. Nilirudi yadini bila mtu hata mmoja.

Bosi alicheka mpaka chai ikammwagikia. Alipomaliza kujifuta akanipa ushauri: huko Mbale nivae gauni, niongee Kiingereza kama watu wa benki, nimnase mtu kwanza, Kiswahili atajifunza baadaye. Nikamwambia hapana. Atakayekikimbia Kiswahili mezani atakikimbia pia dirishani, siku dereva atakapokuwa ameanguka mtaroni na anahitaji sauti ya mtu. Bosi akainua mabega. "Shauri yako. Mwezi unakwenda."

Hata hivyo nilijua nimekosea mahali. Nilikuwa nimesimama pale nikiieleza kazi kwa mdomo, na mtu aliyevaa kaki akieleza jambo, huku kwetu watu hawasikii maelezo, wanasikia amri. Kazi ilibidi ijieleze yenyewe. Kwa hiyo nilipokwenda Mbale nilibeba simu ya ofisini na kipaza sauti kidogo, na nikapatana na dereva wetu mmoja mzee, mjeuri kuliko wote. Siku hiyo alikuwa ameegesha Tororo akingoja karatasi zake za forodha zikamilike, kisha apeleke mzigo Soroti. Nilimwambia, "Watakupigia watoto wa chuo. Usiwahurumie. Kuwa vile ulivyo." Akasema hiyo ni rahisi.

Mbale nilipewa meza kando ya jiko, wapishi wakichemsha maharage nyuma yangu. Sikulalamika. Niliweka simu mezani, nikabandika karatasi iliyoandikwa: MPATE DEREVA HUYU AKWAMBIE UKWELI. Shati langu la kaki lilikuwa palepale mwilini, limepigwa pasi.

Sauti ya yule mzee ilifanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Ilipolia kwenye kipaza sauti, "Hallo! Nani? Sema basi!" wanafunzi waliokuja kunusa maharage wakasogea. Kijana wa kwanza akamuuliza kwa Kiingereza kilichopigwa tai kama angeweza kufahamishwa mahali alipo. "Mimi niko barabarani," mzee akasema. "Wewe uko wapi?" Watu wakacheka, wakaongezeka. Wa pili akajaribu Luganda, mzee akamwimbia wimbo wa kanisani. Wa tatu akasogea kwa kujiamini, akaishika simu, akavimbisha kifua na kufoka, "Wewe dereva! Sema uko wapi! Haraka!"

Mzee akakata simu. Vijana wakapiga makofi, wakidhani mwenzao ameshinda. Nilimwambia yule kijana kwamba Kiswahili chake ni kizuri, ila mtu wa namna hiyo simtaki hata akiletwa bure.

Baadaye, umati ulipopungua, alikuja msichana mmoja mwembamba aliyevaa sweta la kiume. Alikuwa amesimama pembeni muda mrefu akiangalia. Alisema anasomea mambo ya ununuzi na ugavi na anamalizia mwaka wake wa mwisho. Akauliza kama anaweza kujaribu. Nikampigia dereva tena, nikampa simu.

"Shikamoo, baba. Habari ya safari?"

"Marahaba, mwanangu. Safari nzuri. Nani huyo?"

"Mimi mtu wa kuuza kamba, hapa Mbale. Umebeba nini?"

"Karatasi za vitabu."

"Huku mlima umeshika mawingu, baba. Turubai yako iko moja ama mbili?"

"Moja."

"Na kamba yako?"

"Hii ya plastiki. Ya buluu."

"Hiyo ikilowa fundo linateleza. Kaza sasa kabla hujatoka. Mvua ikishakukuta kwa njia hautashuka, najua nyinyi."

Mzee akacheka. Wote tuliokuwa pale tulisikia mlango wa lori ukifunguka na buti zake zikigusa changarawe. "Nakaza, mwanangu," akasema. "Mwambie huyo mama wa kaki asikuache." Nilifurahi mpaka ikabidi nijifanye natafuta kalamu.

Nilimwambia palepale kwamba kiti ni chake akikitaka. Uso wake ukang'aa, halafu ukazimika.

"Baba hatakubali," akasema. "Kiswahili mimi nilijifunza kwa duka, kwa sababu yeye hataki kukisema. Madereva wakija, mimi ndiye mdomo wake. Nikienda Jinja nani ataongea na wao?"

"Duka liko wapi?"

"Namakwekwe."

"Nipeleke."

"Leo, afande?"

"Leo. Na mimi si afande."

Tulipanda boda mbili. Duka lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, nyumba ikiwa nyuma yake: mafungu ya kamba yakining'inia mlangoni, maturubai yamekunjwa hadi dari, magunia yamefungwa marobota. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtu mzima wa mvi, mikono mikubwa. Tulimkuta dereva mmoja Mkenya amesimama mbele yake akisema anataka kamba ya katani, ndefu ya kuzunguka tela zima, na mzee anamwangalia tu. Binti akaingia mbio, akaweka mkoba wake chini, akaanza kazi: anasikiliza Kiswahili, anamgeukia baba yake kwa Lumasaba, lugha ya kwao, anapokea jibu, anamrudishia dereva. Mimi niliona jambo moja. Dereva aliposema kamba ya katani, mkono wa mzee ulikuwa umeshakwenda kwenye fungu la katani kabla binti hajafungua mdomo.

Dereva alipoondoka nilimsalimu mzee kwa "mulembe", neno pekee la Lumasaba ninaloliweza, kisha nikaendelea kwa Luganda yangu ya Jinja. Nilimweleza kila kitu: kampuni, dirisha, kiti, mafunzo, mahali ambapo binti angelala, nyumbani kwa mjane wa kanisani kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa Luganda, hilo shati ni la nani.

"Ni la kampuni."

"Na Kiswahili ni cha nani?"

Nilimwambia ni cha madereva. Akasema si hicho alichouliza. Akaniambia kwamba alipokuwa kijana, kaka yake mkubwa alikuwa na duka katikati ya mji, la jumla, na yeye alikuwa akimsaidia kupima na kufunga. Asubuhi moja wanajeshi waliingia. Walimwambia kaka yake maneno fulani kwa Kiswahili, wakamtoa nje, wakampandisha gari, na hakuonekana tena. Aliyasimulia yote hayo kwa sauti ya kawaida, lakini alipofika kwenye maneno waliyoyasema, alinyamaza, akayaruka, akaendelea na yaliyofuata. Hakuyataja hata kwa Luganda.

"Wewe uliipata wapi lugha hiyo?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sokoni. Binti alikuwa ananiangalia, nikaona hata yeye anaomba niseme sokoni. Lakini mtu niliyemtaka anikabidhi mwanawe siwezi kuanza naye kwa uongo.

"Baba yangu alikuwa askari magereza," nikasema. "Alivaa kaki. Niliipata kwake."

Mzee akaangalia barabarani. Nilikuwa nimeshaanza, na mimi sijui kuishia njiani. Nikamwambia kwamba maumivu yake siwezi kuyagusa wala sitamwambia asahau. "Ila baba yangu alitumia lugha hiyohiyo kutuita tukale," nikasema. "Alitumia hiyo kumbembeleza mama yangu alipokuwa mgonjwa. Leo mwanao ameitumia kumwambia mzee wa watu akaze kamba kabla ya mvua. Nimeisikia ikitoka kwenye mdomo wake, na haikuwa na bunduki ndani yake. Nimekuja kwa sababu hiyo tu."

Mzee alimwambia binti neno kwa Lumasaba, na binti, macho yamejaa, akanitafsiria: anasema umechelewa, mvua inakuja, nenda salama.

Mvua ilikuja kweli, ikanipiga tangu Namakwekwe mpaka stendi. Niliwasha simu, nikampigia yule dereva mzee. Alikuwa njiani kwenda Soroti na mzigo wake ulikuwa mkavu. Nikalia kidogo kwenye basi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana mtu niliyemtafuta nilikuwa nimempata, na nilikuwa nimemwacha nyuma yangu.

Bosi aliponiuliza nilisema nasubiri jibu. Akauliza jibu gani, la nani. Nikasema la mtu asiyependa kuharakishwa. Wiki iliyofuata akataja binamu yake. Nikasema mwezi haujaisha. Akataja tena. Nikavuta kile kiti kitupu karibu na changu, nikaweka juu yake mkoba wangu na sweta langu na chakula changu cha mchana, ili yeyote atakayetaka kukikalia aniombe ruhusa kwanza.

Siku za mwisho wa mwezi, asubuhi, mlinzi wa getini akaniita. Binti alikuwa amesimama nje ya geti na sanduku la bati. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, mpya, na fundo lake lilikuwa la madereva, lile lisiloteleza hata likilowa. Nilijua mikono iliyolifunga.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema nirudi kila mwisho wa mwezi. Na amesema mtu yeyote hapa asiniite afande."

"Na duka? Nani ataongea na madereva?"

"Nilimuuliza hivyo. Akasema hiyo si kazi yangu tena."

Nikatoa mkoba wangu kwenye kiti. Bosi alitoka na kikombe chake, akamtazama binti, akatazama sanduku, akaniambia binamu yake amepata kazi Nairobi. Sijui kama ilikuwa kweli na sikuuliza.

Amekaa dirishani na mimi mwaka mzima sasa. Madereva wanamwita Mama Kamba. Wengine wananiruka mimi na kumwomba yeye, na kuna siku inaniudhi. Maonyesho ya Mbale yaliporudi, tulikwenda pamoja, wote wawili tumevaa kaki, na tulipewa meza ya mwisho, palepale kando ya jiko. Foleni ya kuonyesha meno ilijipanga kama kawaida. Yeye aliitawanya kwa utani, kwa Lumasaba, bila kumkasirisha mtu, na waliobaki aliwapa simu.

Tulipomaliza alitaka kupita nyumbani. Tulipokaribia duka tulimwona dereva amesimama mlangoni, Mkenya, mtu wa haraka, amemwinamia baba wa binti akimweleza habari ya turubai iliyochanika. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, jasho linamtoka usoni. Binti akaharakisha kama alivyoharakisha siku ile, akatua mkoba, akafungua mdomo amgeukie dereva.

Baba yake akainua mkono.

"Wacha," akamwambia, kwa Kiswahili. "Mimi nasema mwenyewe."

Sauti yake ilikuwa inakwaruza na maneno yalikuja moja moja. Alimwambia dereva turubai hii nzuri, ile mbaya, shika hapa, vuta, ona. Dereva akashika, akavuta. Binti akarudi nyuma, akakaa juu ya robota la magunia na mikono yake mapajani, akamwacha baba yake auze.